Vifaa vya Hisi kwa Chekechea ya Montessori Mjini Goma: Namna ya Kuvitengeneza na Kuvitumia

Mwalimu wa chekechea mjini Goma hupimwa kwa daftari. Mzazi akija kumchukua mtoto saa tano na nusu, jambo la kwanza ni kufungua begi na kuangalia ni kurasa ngapi zimejazwa a, e, i, o, u. Ndiyo maana walimu wengi wakisikia habari za Montessori, njia ya kuwafundisha watoto wadogo kwa vifaa vya kushika, huvutiwa, kisha huingiwa na woga: wanaona watoto wakibeba vipande vya mbao, wakipapasa vitambaa, wakitikisa makopo, na hawajui mzazi wataenda kumwambia nini. Mwongozo huu nimemwandikia mwalimu huyo. Utaona kifaa kipi kianze, kitengenezwe vipi kwa mbao na vitambaa vya hapa hapa mjini, na mtoto aonyeshwe vipi kukitumia. Jambo moja nalishikilia tangu mwanzo: vifaa vichache vilivyopimwa sawasawa hufundisha kuliko rafu iliyojaa vitu vya kupendeza.

Maria Montessori, daktari Mwitalia, alifungua Nyumba yake ya kwanza ya Watoto tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Walikuwa watoto 50 hivi katika chumba kimoja, wazazi wao wakienda vibaruani tangu asubuhi. Vifaa alivyowapa vilitokana na kazi yake ya awali na watoto wenye ulemavu wa akili, akifuata nyayo za madaktari wawili Wafaransa, Itard na Séguin. Nayataja haya kwa sababu hapa kwetu wengi wanadhani Montessori ni mali ya watoto wa matajiri. Mwalimu wa Ndosho au Majengo, mitaa ya hapa Goma, mwenye watoto 45 katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya lava anafanana sana na yule aliyesimama San Lorenzo siku ile.

Fedha ni tatizo la kweli. Elimu bure iliyoanza nchini Kongo mwaka 2019 ilielekezwa kwenye shule za msingi za serikali. Chekechea bado ni mzigo wa mzazi. Kuagiza seti nzima kutoka nje ni ndoto kwa shule nyingi. Kwa hiyo tutatengeneza.

Kwanza: jua kifaa kinafundisha kitu kimoja tu

Kabla ya kumwita fundi, elewa siri ya vifaa hivi. Kila kimoja hubeba sifa moja, na sifa nyingine zote hufanywa zilingane. Mnara wa waridi una michemraba kumi, kutoka sentimita 1 hadi sentimita 10 kila upande, na yote ina rangi moja. Fito nyekundu ni kumi, ya kwanza sentimita 10 na ya mwisho mita moja. Unene ni ule ule, rangi ni ile ile, kinachobadilika ni urefu. Ngazi ya kahawia ina vipande kumi vyenye urefu sawa wa sentimita 20, vinavyotofautiana kwa unene.

Nimeona madarasa ambamo mnara umepakwa rangi kumi ili uwapendeze wageni. Hapo kazi imeharibika. Mtoto atakumbuka kwamba kijani hukaa juu ya njano, na macho yake hayatalinganisha ukubwa hata kidogo. Mwalimu akiona mnara umesimama atafurahi, kumbe mtoto amekariri rangi.

Siri ya pili ni kwamba kifaa chenyewe ndicho kinachomwonyesha mtoto kosa lake. Ukijenga mnara kwa kulinganisha kona moja ya kila mchemraba, pande mbili zinabaki na vibaraza vya sentimita moja. Ule mchemraba mdogo kuliko yote, wa sentimita 1, unakaa kwenye kila kibaraza sawasawa kabisa. Mtoto anaweza kuushusha kutoka ngazi hadi ngazi na kujikagua bila kumwuliza mtu. Mchemraba mmoja ukizidi kwa milimita nne, jambo hilo halifanyi kazi tena, na mwalimu analazimika kurudi kuwa hakimu wa sahihi na kosa. Kwa sababu hiyo vipimo haviwezi kuachwa viwe vya kukisia.

Pili: nenda kwa fundi na karatasi ya vipimo

Goma haina uhaba wa mafundi wa mbao. Watu wanaochonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, kwa panga na tezo, zikabeba magunia ya makaa kutoka Kibumba, wanajua mti. Ila chukudu huvumilia kasoro ambazo mnara hauvumilii. Mwambie fundi wazi: “Papa, hapa ninataka kila upande uwe sawa, hata kama utachukua wiki mbili.” Mpe karatasi ngumu uliyoikata mwenyewe kwa kila kipimo, aiweke juu ya mbao akimaliza, naye aone tofauti kwa jicho lake.

Chagua mbao kavu. Mkaratusi mbichi ukikauka hupasuka na kujipinda, na mchemraba ulioukubali mwezi wa nne hautakaa sawa mwezi wa saba. Uliza mbao imekaa muda gani chini ya paa. Mchemraba wa sentimita 10 wa mkaratusi utakuwa na uzito unaozidi nusu kilo, na hilo ni jema: mtoto wa miaka mitatu anapaswa kuushika kwa mikono miwili na kuhisi mwilini kwamba huu ni mkubwa. Ule wa sentimita 1 haukazi mkono wala hauna uzito. Kipande hicho kidogo ni hatari kwa watoto wachanga wanaoweka kila kitu mdomoni, kwa hiyo mnara ni wa kuanzia miaka mitatu, na mtoto mdogo zaidi akija darasani, kipande hicho kinawekwa mahali pa juu.

Paka rangi ya maji, na uulize dukani kama haina madini ya risasi. Kama huna uhakika, acha mbao bila rangi, isugue vizuri kwa msasa na uipake mafuta ya kupikia kidogo. Mnara usio na rangi bado ni mnara.

Vitalu vya silinda ndivyo vigumu zaidi kutengeneza, kwa sababu vinahitaji mashine ya kuchonga duara. Vipo vinne katika seti kamili, kila kimoja na silinda kumi na matundu yake kumi. Nakushauri uanze na kimoja tu, kile kinachotofautisha kimo. Nunua mpini mmoja mnene ulionyooka, kama ule wa jembe. Ukate vipande kumi: cha kwanza sentimita 1, cha pili sentimita moja na nusu, hivyo hivyo hadi sentimita tano na nusu. Fundi atatoboa matundu kumi kwenye gogo moja la mbao kwa keekee ya kipenyo kimoja, akibadilisha kina peke yake. Kila silinda ipate kichwa kidogo cha kushikia. Silinda ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi inachomoza, fupi ikiingia kwenye refu inazama, na mtoto anaona.

Montessori alisimulia kuhusu msichana wa miaka mitatu hivi ambaye alitoa na kurudisha silinda zaidi ya mara 40 mfululizo. Watoto wenzake waliimba na kutembea kumzunguka, hata kiti chake kikanyanyuliwa na kuwekwa juu ya meza, naye akaendelea. Alipomaliza, akaacha mwenyewe, bila dalili ya kuchoka. Ukiona mtoto wako anarudia, usimkatize kwa “vizuri sana, sasa mpe mwenzako.” Kurudia huko ndiko kujifunza kwenyewe.

Tatu: vifaa vya kugusa

Hapa Goma ina utajiri wa ajabu, na hapo hapo kuna mtego. Makoro yametuzunguka, mawe ya lava yenye vitundu, meusi, yanayokwaruza. Mwalimu mpya hukimbilia kuyaweka mezani watoto wayapapase. Lava huchana vidole. Ngozi iliyochubuka haisomi tena, na somo zima la kugusa linategemea ngozi laini ya ncha za vidole. Kwa ubao wa kugusa tumia msasa wa dukani.

Ubao wa kwanza: kipande cha mbao kilichopigwa randa, nusu yake ibaki laini, nusu nyingine ibandikwe msasa. Ubao wa pili: mistari ya msasa na mistari ya mbao tupu ikipishana. Kisha vibao vya jozi: kata vibao kumi vidogo, ubandike msasa wa namba tano tofauti, kwa mfano 40, 80, 120, 180 na 240, kila namba kwenye vibao viwili. Namba ndogo ndiyo inayokwaruza zaidi. Andika namba nyuma, na hiyo ndiyo itakayomwambia mtoto kama jozi yake ni sahihi: akigeuza na alama zikafanana, amepata. Kwa kuwa hajui kusoma bado, chora nukta za rangi.

Kabla ya kugusa, mtoto anaosha mikono kwa maji ya uvuguvugu na kuipangusa vizuri. Montessori mwenyewe alianza hivyo, kwa sababu maji ya uvuguvugu huamsha ncha za vidole. Baada ya hapo, vidole viwili vinapita juu ya ubao polepole, kutoka juu kwenda chini, kwa wepesi. Akikandamiza, hahisi kitu. Hapa mwalimu anaonyesha kwa mkono wake na kunyamaza.

Vitambaa ni rahisi kuliko vyote. Nenda kwa fundi cherehani, uombe vipande vilivyobaki: kitenge, jinzi, satini, sufu, velvet, nailoni. Kata kila kitambaa vipande viwili vya sentimita 10 kwa 10, upinde kingo zisifumuke, uvitie kwenye sanduku. Mtoto anavichanganya na kutafuta jozi kwa vidole, macho yakiwa yamefumbwa.

Sasa kuhusu macho. Vitabu husema mtoto afungwe kitambaa machoni. Watoto wengi wa mji huu wamewahi kukimbizwa usiku, na kufungwa macho si mchezo kwao. Usimlazimishe hata mmoja. Afumbe macho mwenyewe kama anapenda, au mfanyie sanduku lenye tundu mbili za kuingiza mikono. Mfuko wa siri pia unatosha: mfuko wa kitambaa kizito wenye vitu vya jozi, kijiko, kifungo kikubwa, kokoto iliyosuguliwa na mawimbi ya ziwa, mbegu ya parachichi iliyokauka, kipande cha koro kisicho na ncha kali. Anaingiza mkono, anataja alichoshika, anakitoa na kutazama.

Nne: sikio, uzito na joto

Mikebe ya sauti ni sita kwa sita. Makopo madogo ya nyanya, yale ya gramu 70, yanapatikana kila uani. Yaoshe, yakauke, ukunje kingo zilizokatwa kwa koleo, na ufunike mdomo kwa kiduara cha mbao na gundi. Ndani tia mchanga uliochekechwa, mchele, mtama, maharagwe, mahindi na kokoto ndogo, kila kitu kwenye makopo mawili kwa kipimo kile kile cha kijiko. Makopo yote yavishwe kitambaa cha rangi moja, ila seti ya kwanza ipate mstari mwekundu na ya pili wa buluu, na jozi zitiwe alama chini. Kabla ya kuwapa watoto, jaribu wewe mwenyewe ukiwa umefumba macho. Kama mchele na mtama vinakuchanganya, badilisha kimojawapo. Hakikisha gundi imeshika sana. Punje ya harage ikitoka huingia puani mwa mtoto.

Kwa uzito, seti ya asili hutumia vibao vya miti mitatu vyenye gramu 12, 18 na 24 hivi. Mwombe fundi wako vibao vya ukubwa mmoja kutoka mbao nyepesi, ya wastani na nzito, na umalize kwa kuvipima kwenye mizani ya mfanyabiashara wa dhahabu au duka la dawa, sugua hadi vilingane.

Kwa joto, weka mezani kipande cha chuma, cha kioo kilichosuguliwa kingo, cha mbao na cha sufu. Mtoto atasema chuma ni baridi. Vyote vina joto moja la chumba. Chuma hunyonya joto la kiganja upesi kuliko mbao, na sufu karibu hainyonyi. Huna haja ya kumweleza hayo akiwa na miaka minne. Kiganja chake kimeshapata, na siku ya fizikia itakapofika atakuwa na kitu cha kukumbuka.

Tano: pua na ulimi

Vichupa sita kwa sita vyenye kifuniko kilichotobolewa: kahawa ya Idjwi iliyokaangwa, tangawizi, mchaichai, ganda la limau, sambaza (samaki wadogo wa ziwa) zilizokauka, sabuni. Harufu huisha, badilisha kila wiki.

Kuonja ni maji ya chumvi, ya sukari, ya limau na ya kahawa chungu. Maji yawe yamechemshwa, na kila mtoto awe na kijiko chake. Goma inaijua kipindupindu. Ugonjwa ukisikika mtaani, ondoa kuonja kwenye rafu kabisa.

Sita: namna ya kuonyesha

Mwite mtoto mmoja. Mwambie: “Leo nitakuonyesha mnara.” Mtandikie mkeka mdogo, kila mtoto awe na wake, kwa sababu mkeka ndio mpaka wa kazi yake na hakuna anayeukanyaga. Michemraba inatoka rafuni mmoja mmoja, safari kumi kwenda na kurudi. Mwalimu mwenye haraka ataileta yote kwenye karai. Asifanye hivyo. Katika safari hizo kumi mtoto anabeba tofauti mikononi mwake, na mwili wake wote unapima.

Kaa upande wa kuume wa mtoto, au wa kushoto kama anatumia kushoto. Jenga polepole, mikono ionekane, mdomo ukae kimya. Mtoto hawezi kutazama mikono na kusikiliza maelezo kwa wakati mmoja. Ukimaliza, bomoa mchemraba mmoja mmoja, mwachie, ondoka. Akikosea, kaa mbali, uandike kwenye daftari lako: leo aliweka wa sentimita 6 juu ya wa sentimita 5, hakuona. Kesho kutwa utamwonyesha tena kama vile ni mara ya kwanza.

Darasa la watoto 45 haliwezi kuanza wote siku moja. Chagua watoto sita walio tayari, wengine wabaki na msaidizi kwenye nyimbo, kumwaga maji kwa kikombe, kukunja vitambaa. Baada ya wiki mbili, sita hao wanaijua kazi na unaongeza sita. Wakubwa wataanza kuwaonyesha wadogo, na hilo ndilo linalokuokoa wewe.

Saba: leta majina, kisha herufi

Mtoto akishatofautisha kwa vidole, ndipo unampa maneno. Hatua tatu za Séguin zinatosha. Ya kwanza, gusa naye aguse: “Hii ni laini. Hii inakwaruza.” Ya pili, na hapa ukae muda mrefu: “Nionyeshe inayokwaruza. Nipe iliyo laini. Weka inayokwaruza kwenye mkeka.” Ya tatu: “Hii ikoje?” Naye atajibu, “Inakwaruza, Madamu.” Akikosea katika hatua ya pili, usimwambie hapana. Funga kazi kwa upole na urudi siku nyingine kwenye hatua ya kwanza. Tumia Kiswahili, au lugha ya nyumbani kwake, Kifaransa kije baadaye juu ya kitu ambacho mkono unakijua tayari.

Kutoka hapo, herufi za msasa zinakuja bila kulazimishwa. Kata herufi kwenye msasa laini, ubandike juu ya vibao: irabu kwenye buluu, konsonanti kwenye waridi. Unaweza pia kupaka gundi na kunyunyiza mchanga mweusi wa volkano uliochekechwa mara mbili. Mtoto anapitisha vidole viwili akifuata njia ile ile kalamu itakayofuata, huku akitamka sauti yenyewe, “mmm”, wala si jina la herufi. Kwa Kiswahili kazi hii ina neema kubwa, kwa kuwa tunasoma kama tunavyoandika: mtoto mwenye a, i, m, t na k mikononi anajenga “mama”, “mti”, “taa”, “kata” kabla hajajua kushika kalamu vizuri. Fito nyekundu nazo hurudi zikiwa zimegawanywa rangi mbili, nyekundu na buluu, kila sehemu sentimita 10, na urefu aliozoea kubeba sasa unahesabika moja hadi kumi.

Haya ndiyo ya kumwonyesha mzazi wa daftari. Mwalike aingie darasani asubuhi moja, akae kwenye kiti kidogo. Mwonyeshe vidole vitatu vinavyonyanyua silinda kwa kichwa chake, kisha umpe penseli aishike: ni vidole vile vile. Mwambie, “Mama, mkono wake unajiandaa. Mwezi ujao utaona herufi.” Usiahidi mwezi kama huna hakika na mtoto huyo.

Utunzaji

Vumbi jeusi la Goma huingia kila mahali, na msasa uliojaa vumbi unakuwa laini. Pangusa vibao kwa brashi kavu kila Ijumaa, na ubadilishe msasa mara unapochakaa. Mvua ikivuja, ondoa mbao sakafuni. Hesabu vipande kabla watoto hawajatoka: kumi za mnara, kumi za fito, kumi na mbili za mikebe. Mchemraba mmoja ukipotea, mnara wote unashuka rafuni hadi fundi alete mwingine wa kipimo kile kile, na watoto waambiwe kwa nini.